Muuza duka wa Kant na mtoto aliyetumwa sukari

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, na kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785 nimeisoma mpaka mwisho. Ila mfano wa muuza duka mwandishi kaupitia mbiombio, na mimi ni muuza duka hapa Korogwe.

Kant anasema muuza duka mwenye akili hampandishii bei mtu asiyejua bei. Hata mtoto akija, ananunua sawa na mkubwa. Lakini kama anafanya hivyo kwa ajili ya faida yake tu, kitendo ni sahihi, thamani ya kimaadili hakina. Kwake, kitu chema pasipo sharti lolote ni nia njema peke yake.

Huyo mtoto namjua. Huja magharibi, noti ya elfu kumi kaifumbata mpaka imelowa jasho: “Shikamoo. Mama kasema nusu ya sukari na kibiriti, na chenji nisipoteze.” Hesabu hajui. Simpunji, na sababu zangu si za malaika. Mama yake akiona sukari pungufu, kesho asubuhi mtaa mzima unajua. Watu wa Wakala wa Vipimo nao huja kukagua mizani. Halafu marehemu baba, aliyeliacha duka hili, alikuwa akishaona mizani imetulia anaongeza kijiko kimoja, nami nikazoea hivyo hivyo. Wajibu labda umo humo, lakini kuutenga na hofu na mazoea ni kuchambua mchele wenye chuya gizani.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale ambaye mwandishi hakumgusa, alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu. Huyo naelewana naye zaidi.

Hata hivyo, Kant ananibana mahali pamoja: stendi. Basi la Arusha limesimama, abiria kanunua maji dirishani, katoa noti kubwa, dereva keshaanza kuondoa gari. Abiria huyo harudi tena, wala hana jirani hapa wa kumsimulia. Faida yote iko kwenye kuchelewa kidogo tu. Nimeona vijana wakilikimbiza basi na chenji mkononi, na nimeona wengine wakiinama ghafla kufunga kamba za viatu. (Mmoja alikuwa kavaa kandambili.) Nia ya mtu unaionea pale, siyo kwenye kaunta yangu.

Ninachokataa ni kuambiwa kwamba uaminifu wa kaunta hauna thamani. Sukari ilifika nyumbani kamili, chai ikanyweka.

Mwandishi akipata nafasi atujibu: kijana anayelikimbiza basi kwa sababu tajiri yake yuko mlangoni anamwangalia, halafu siku tajiri kasafiri akakimbia vilevile kwa mazoea ya miguu, Kant angemweka kundi gani?

Muuza duka,
Korogwe, Tanga