Vyombo vya magugumaji Mto Mirongo

Mhariri,

Wakazi wa kando ya Mto Mirongo wanaotaka kuadhimisha kunusurika na mafuriko kwa kushusha vyombo vidogo majini, tunawaomba waache chupa za plastiki na waya. Magugumaji ya Ziwa Victoria yanafaa zaidi, na kila kaya inaweza kusuka chombo chake.

Chagueni vikonyo virefu, angalau sentimita 50. Ondoeni majani na mizizi, kisha vianikeni juu ya chanja wiki moja hadi mbili. Sehemu kubwa ya kikonyo ni maji, hivyo hunywea mno. Vuneni kwa wingi. Kinachoharibu kazi ni haraka. Kikonyo kibichi kikisukwa huota ukungu, na kikija kukauka msuko hulegea, chombo kikapinda na kuzama. Fungeni kwa katani, si nailoni.

Juni ni mwezi mzuri, masika yakishapita. Shusheni alfajiri, upepo unapotoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, na vyombo hurudi kurundikana mlangoni mwa mto. Tegeni wavu hapo mapema, vyote viopolewe.

Wacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, wapewe uwanja mpana mbali na ukingo, maana majembe hurushwa juu. Na tafadhali sana, watoto wasiingie majini peku: kichocho kipo. Anayeshusha chombo avae mabuti ya mpira, au atumie upondo.

Wasukaji wa magugumaji,
Mwanza