Barua kwa mwanangu anayeanza kurusha kaiti

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi sana kusikia kwamba umemaliza mafunzo na sasa una kaiti yako mwenyewe, lile tiara kubwa linalomvuta mtu juu ya ubao majini. Najua akili yako iko majini, kwenye ubao na mwendo. Yangu iko ufukweni. Katika mchezo huu mtu huumia vibaya akiwa nchi kavu au hatua chache tu kutoka hapo, kaiti ikiwa juu na mawe, ukuta au gari likiwa karibu naye. Kwa hiyo barua hii haitafika mbali majini.

Kabla hujafungua mkoba, utazame upepo. Unaokufaa ni ule unaopita sambamba na ufukwe, au unaokuja mshazari kuelekea nchi kavu. Ule unaotoka nchi kavu kwenda baharini uache hata ukiwa mzuri namna gani, kwa sababu kitu kikikatika utasukumwa mbali na hutaweza kurudi. Ule unaopiga ufukwe moja kwa moja nao utakutupa juu ya vitu vigumu. Ukiona wingu zito jeusi linakuja, usirushe. Na kama kaiti iko juu, ishushe mapema, maana upepo mkali hutangulia mvua. Halafu kuna hesabu ambayo nataka uishike: upepo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, nguvu inayokuvuta haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kaiti uliyoimudu saa nne inaweza kukushinda saa sita. Ukisita kati ya kubwa na ndogo, chukua ndogo.

Wakati wa kujaza, upe upepo mgongo, na kamba ya pampu uifunge kwenye kaiti kabla hujasukuma hata pumzi moja, la sivyo itajaa kisha ikimbie. Jaza bomba la mbele mpaka kufikia kipimo kilichoandikwa karibu na valvu. Wanaoanza huogopa kulipasua wakaliacha laini. Kaiti laini hujikunja hewani, na ikianguka majini haitaki kuinuka tena. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984 kwa sababu hiyo hasa: walitaka kaiti inayoelea na kuruka tena kutoka majini. Hewa isipotosha, unaipoteza faida hiyo. Ukilipiga bomba kwa kidole, lilie kama ngoma. Kisha lilaze mchangani likiutazama upepo, na nyuma yake, juu ya kitambaa, mwaga mchanga wa kutosha. Usiweke mawe, yatakichana.

Sasa kamba. Hapa usikubali mtu akuharakishe, hata kama wenzako wote wameshaingia majini. Mbili za katikati ndizo zinazobeba uzito wako, mbili za pembeni ndizo zinazoongoza. Anzia kwenye mpini, ile fimbo unayoishika kuongozea kaiti, pitisha vidole katikati ya kamba, tembea mpaka kwenye kaiti ukizitenganisha hatua kwa hatua. Ukifika, ziangalie zilivyolala: hakuna iliyopanda juu ya mwenzake, hakuna iliyonasa kijiti. Upande mwekundu wa mpini ni wa mkono wa kushoto. Kamba ya mbele ikifungwa mahali pa kamba ya nyuma, au ya kushoto ikaenda kulia, kaiti itanyanyuka na papo hapo kuanza kuzunguka kwa nguvu zake zote, nawe umefungwa nayo kiunoni.

Kila kitanzi ukishakivisha kwenye fundo lake, kivute kwa nguvu mpaka kibane. Lile fundo dogo lichunguze kwa macho na kwa ukucha. Likianza kutoa manyoya, libadilishe siku hiyo hiyo. Mara kwa mara pima pia urefu: shikiza ncha nne za kamba mahali pamoja, rudi nyuma, uvute mpini sawasawa. Zote zikaze kwa pamoja. Zile za mbele hurefuka zaidi kwa sababu ya mzigo, na hapo kaiti huanza kurudi nyuma na kuanguka bila wewe kuelewa sababu.

Kifungulio cha dharura, kile cha kiunoni kinachoiachia kaiti, kijaribu kila mara kabla ya kurusha. Kisukume kifunguke, kung'uta mchanga, kifunge tena. Mfumo huu una kiwango chake cha kimataifa, ISO 21853, lakini hakuna kiwango kitakachokusaidia kama mkono wako haujui kifungulio kilipo bila kutazama. Mambo yakiharibika, kwanza achia mpini. Usiung'ang'anie, mwili ukiogopa huvuta, na kuvuta ndiko kunakoongeza nguvu. Kaiti ikiendelea kukuburuta, fungua kifungulio. Itabaki imeshikwa na kamba ya usalama tu, bila nguvu. Ikiwa bado inavuta, fungua na hiyo. Iende zake. Kaiti hununuliwa, mwanangu, na mimi nitachangia hata kama itapotelea baharini. Kamba usizishike kamwe, wala usizizungushe mkononi. Ni nyembamba, na zikikaza hukata nyama.

Anayekushikia kaiti awe anajua kazi hiyo, si mpita njia mwenye huruma. Kubalianeni ishara mapema: kidole gumba juu kwa kurusha, kujipigapiga kichwani kwa kiganja kwa kushusha. Simama mahali ambapo kaiti itakuwa ukingoni mwa upepo, yaani pembeni yako, si moja kwa moja unakoelekea upepo, kwa sababu huko ikinyanyuka itakurusha. Kamba zikikaza, zitazame mara ya mwisho mpaka kwenye ncha za kaiti. Naye aachie tu, asiitupe. Upande unakoelekea upepo pawe wazi kwa angalau urefu wa kamba mara mbili.

Ikisharuka, ishikilie chini chini hewani, upande wa maji, na uondoke ufukweni. Wengi huipandisha juu ya kichwa na kusimama wakipiga soga, wakidhani hapo imetulia. Upepo ukija kwa kishindo, kaiti iliyo juu ya kichwa humnyanyua mtu wima, na anakotua ni bahati yake.

Mwezi ujao nikija kukutembelea, niruhusu nikushikie kaiti. Sitaiachia mpaka unioneshe kifungulio kikifunguka mkononi mwako.

Akupendaye,
Mama