Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kupanda Miti

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, wanabodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Chama cha Mazingira tunakukaribisha shuleni petu, hapa kando ya Mto Ngong. Tulipoarifiwa kwamba wewe ni mhandisi wa maji, tuliafikiana kwamba risala yetu isiwe ya kuomba basi jipya, ingawa basi letu nalo lina maneno yake. Tungependa kuzungumzia nafasi ambayo mji wa bondeni unapaswa kuuachia mto.

Mheshimiwa, reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kituo kilijengwa kwenye uwanda wenye vinamasi, na mji ukakua juu yake. Katika mvua za masika za mwaka 2024, wakazi wa Mathare na Mukuru walipoteza jamaa na makazi, na serikali ikaamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Tangu hapo tunasikia mara nyingi kwamba dawa ni kuchimba mitaro zaidi. Mitaro inahitajika, tena izibuliwe kabla ya mvua, lakini kazi yake ni kuyatoa maji mahali pamoja na kuyafikisha mtoni upesi. Mto ukijaa hadi kufunika mdomo wa mtaro, maji hukosa pa kutokea, yakarudi nyuma kwa njia ileile na kuibukia barabarani, hata kama mtaro wenyewe hauna chupa moja ya plastiki. Zaidi ya hayo, mtaro ulionyooshwa na kutiwa saruji huyaharakisha maji, hivi kwamba yale ya mitaa ya juu hufika yote kwa pamoja kwenye mtaa wa chini, ambao haukuulizwa.

Kwa sababu hiyo, miji mingine ya bondeni imeuongezea mtaro mwenzi wake, yaani uwanda wa majani unaoachwa makusudi ufurike. Mashariki mwa Uingereza, katika karne ya 17, mhandisi Mholanzi Cornelius Vermuyden alisimamia uchimbaji wa mifereji miwili mirefu iliyonyooka, ukiwemo ule wa mwaka 1651, na kati yake pakaachwa ukanda wa malisho wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30. Majira ya baridi ukanda huo hupokea maji ya Mto Great Ouse. Kiangazi ng'ombe hulisha humo. Ukanda huo unafanya kazi hadi leo. Tusifiche upande wa pili: mashamba ya jirani yaliyokaushwa yalinywea na kushuka chini ya usawa wa mito, na sasa maji yake hayana budi kuvutwa kwa pampu. Katika mji wa York nako, kaskazini mwa Uingereza, mbuga za Clifton Ings, ambazo mto huzipitia kabla ya kufika mjini, huhifadhi sehemu ya maji ya Mto Ouse (mto mwingine, si Great Ouse) wakati wa mafuriko, kisha huyarudisha taratibu mto unaposhuka.

Uwanda wa namna hiyo hauyamezi maji yote. Huyatandaza yakawa na kina kifupi, majani yakayapunguzia kasi, tope likatuama, na kilele cha mafuriko kikafika mjini kikiwa kimepungua na kimechelewa. Kwa mtu mwenye watoto wa kuwaondoa nyumbani usiku, saa chache za kuchelewa ni jambo kubwa.

Hapa shuleni, Mheshimiwa, kiwanja chetu cha chini hutuamisha maji kila masika. Kuna pendekezo la kukijaza kifusi, kukizungushia ukuta na kukifanya maegesho ya magari. Tunaelewa shida ya maegesho, lakini maji yatakayokosa kiwanja hicho yataelekea kwa majirani zetu walio chini ya daraja. Tunakuomba uishauri bodi kibaki nyasi, na utusaidie kupata mlango wa chuma unaojifunga wenyewe katika mdomo wa mtaro wetu, ili mto ukijaa usiingie madarasani kwa njia hiyo. Miche ya leo ingepandwa kwenye ukingo wa juu, tukiiacha sehemu ya chini wazi.

Kabla ya kuanza kupanda, tunakuomba ukubali kukikagua kiwanja hicho pamoja na wanabodi; viatu vya mpira tumeviandaa.

Wasilisho la wanachama wa Chama cha Mazingira.