Je, filamu yako inahitaji 8K ili isizeeke?

Mteja akija kukodi kamera siku hizi, haulizii lenzi wala taa kwanza. Anauliza, "Mna ya 8K?" Tukimuuliza filamu itaonyeshwa wapi, anataja YouTube, simu, pengine na televisheni. Sasa 8K ya nini? "Ili baadaye isionekane ya kizamani."

Hofu hiyo tunaielewa. Hakuna anayependa kazi aliyoihangaikia miezi sita ije kufanana na kanda ya VHS. Na kamera za 8K tunazo, tena ndizo zenye faida kubwa kwetu. Hata hivyo mara nyingi tunamshauri mteja aiache palepale rafuni.

Tuanze na jicho. HD kamili ina pikseli (vitone vinavyounda picha) 1920 kwa 1080, yaani kama milioni 2. 4K ya televisheni ni 3840 kwa 2160, milioni 8 na ushee. 8K inafika milioni 33. Kila ngazi pikseli zinaongezeka mara nne, ila jicho linabaki lilelile. Jicho zima hutofautisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Piga hesabu hiyo kwa televisheni ya inchi 55: ukikaa mbali zaidi ya mita 2 na kidogo, pikseli za HD huwezi tena kuziona mojamoja. Za 4K zinapotea ukiwa mita moja hivi. Ili uifaidi 8K yote inabidi uweke kiti nusu mita kutoka kwenye kioo, na hapo wenzako sebuleni watauliza kama miwani yako imevunjika.

Tena namba ya kwenye boksi si yote inayofika kwenye picha. Kihisi cha kamera nyingi, yaani kipande kinachopokea mwanga, hakioni kila rangi kila mahali: nusu ya vitundu vyake hupokea kijani, robo nyekundu, robo bluu, mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970. Rangi zinazokosekana kwenye kila kitundu hukisiwa kwa kuangalia majirani zake. Juu ya hapo kuna fokasi iliyoteleza kidogo na lenzi ya bei chee. Kuna pia mwendo: ukipiga fremu 25 kwa sekunde kwa shata ya 1/50, yaani kila fremu ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, mtu anayekimbia anaacha ukungu uleule, iwe HD au 8K.

Historia nayo ina ushahidi wake. Kamera ya RED One, inayopiga 4K, iliingia sokoni mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye kampuni ya ARRI ikatoa kamera ya Alexa, ambayo kihisi chake hakikufika hata 4K. Kwa karatasi ilikuwa imeshindwa kabla ya kuanza. Lakini Hugo (2011) na Life of Pi (2012) zilipigwa kwa Alexa, na zote mbili zikachukua Oscar ya upigaji picha. Wapiga picha waliipendea namna ilivyoushika mwanga: taa kali au dirisha lenye jua vilififia taratibu, havikukatika ghafla na kuwa weupe mtupu.

Huo weupe mtupu ndio unaozeesha filamu. Tuliwahi kuletewa kazi ya harusi turekebishe rangi. Bibi harusi amesimama barazani, jua la saa saba mchana. Faili ni la 8K, lakini la biti 8 na limebanwa sana. Ukivuta karibu usoni unahesabu kope. Ukishuka begani, gauni hakuna. Hakuna mkunjo, hakuna ushanga, hakuna mshono. Ni doa jeupe lenye umbo la gauni. Tulipopunguza mwanga, doa likageuka kijivu kama karatasi, na anga nyuma yake likajigawa mistarimistari, kwa sababu biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Biti 10 zina 1024. Pikseli milioni 33, na gauni alilolishona kwa miezi halionekani! Kwenye televisheni za HDR, zinazoonyesha tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, aibu hiyo inazidi, kwa kuwa zenyewe zimeundwa kuonyesha kilichomo ndani ya mwanga mkali.

Halafu kuna uzito wa mafaili, na hapa ndipo tunapowaona wateja wakiumia. Kwa ProRes 422 HQ (aina ya faili la kuhariria video), fremu 25 kwa sekunde, saa moja ya HD inakula kama GB 83. Ya 4K ni GB 332. Ya 8K inapita TB 1.3. Tuseme umepiga saa 20, na unatunza nakala tatu kama inavyotakiwa: kwa 4K unahitaji TB 20 hivi, kwa 8K karibu 80. Kinachotokea tunakijua. Mtu ananunua diski moja, inajaa, anafuta mafaili ghafi na kubaki na filamu iliyokamilika iliyobanwa kwa ajili ya mtandao. Alikodi 8K kwa ajili ya kesho, kisha akaifuta kesho yenyewe ili apate nafasi.

Tamthilia ya Star Trek: The Next Generation ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, lakini ikahaririwa kwenye kanda za video. Ilipotakiwa kutolewa kwa HD kuanzia 2012, kanda hizo hazikufaa. Ilibidi kurudi kwenye negativu, yaani ile filamu ya milimita 35 yenyewe, kuziskani na kuunganisha vipindi upya. Negativu zisingetunzwa, hadithi ingeishia hapo.

Zipo kazi ambazo 8K inazitendea haki. Ukihoji mtu kwa kamera moja na unataka baadaye kukata fremu ya karibu na ya mbali kutoka picha ileile, ichukue. Kazi za skrini ya kijani, ambapo mandhari ya nyuma huwekwa baadaye, hasa zenye nywele nyingi, zinafaidika. Kutuliza picha iliyotikisika kunakula kingo, kwa hiyo ziada inasaidia. Filamu za kuonyeshwa kwenye kuta kubwa za skrini za LED pia.

Kwa filamu nyingine zote tunapendekeza 4K ya biti 10 au ya RAW (data ya kihisi kabla haijageuzwa kuwa picha), na bajeti iliyobaki iende kwenye lenzi, taa na sauti. Sauti hasa! Mtazamaji huvumilia picha laini. Mazungumzo yasiyosikika anayazima.

Ukimaliza kupiga, tunakunakilia mafaili kwenye diski mbili na kuyakagua kabla hatujafuta kadi. Nakala ya tatu iweke jengo jingine. Ukihariri kwetu, tunakukabidhi pia toleo lisilo na maandishi, na muziki, mazungumzo na milio vikiwa vimetenganishwa. Kabla ya kukodi, tuletee skripti na utuonyeshe sini yenye mwanga mgumu kuliko zote. Tutaijaribu kwa kamera mbili bila malipo, na hatutakwambia ipi ni ipi mpaka uchague.