Rama, pesa za watu ziwe na fungu lake

Rama ndugu yangu,

Salaam aleikum, natumai wewe na familia mko salama hapo Rotterdam na ule upepo wa bandarini haujawamaliza. Zile voisi zako nimezisikiliza zote, nikaona nikijibu kwa voisi tutapigana bure, wacha nikae niandike, manake umesema mengi na mengine yana ukweli ila lile kubwa sikubaliani nalo kabisa. Unasema ati kwenye bajeti ya Ulaya Waholanzi wanachanga na Wapolandi na Wahungari wanakula, na kwamba wakati umefika hizi pesa za mikoa na za huduma za jamii zikatwe ziende kwa chipu za kompyuta, utafiti na silaha, na maskini kila mmoja aangaliwe na serikali yake.

Haya, tuanze na ukubwa wa hiyo hela yenyewe. Bajeti nzima ya Umoja wa Ulaya kwa mwaka ni kama asilimia 1 ya mapato ya nchi zote 27, moja tu, pensheni na hospitali na shule karibu zote zinabaki kwa serikali za nchi. Hii ya sasa ya 2021 mpaka 2027 ilipitishwa kama yuro bilioni 1,074 kwa bei za 2018, theluthi hivi inaenda kwa mikoa na watu, theluthi nyingine kwa wakulima, na zilizobaki ndio wanagawana utafiti, mipaka, misaada ya nje na ofisi. Ndani ya ile ya mikoa na watu ndio kuna Mfuko wa Jamii, ule ESF+, kama bilioni 99 kwa miaka saba. Ukigawa kwa watu milioni 450 wa Ulaya haifiki hata yuro 32 kwa mtu kwa mwaka. Hiyo ndiyo inasomesha vijana walioacha shule, inawapa chakula watu wasio na makao, inawafundisha lugha wakimbizi, na kwa huku kwetu Lublin, mashariki mwa Poland, inalipa sehemu ya mshahara wangu kwenye kituo cha wazee, nakwambia mapema ujue nasimama wapi.

Na kuhusu Waholanzi kuchanga, wewe unafanya kazi bandarini kwa hivyo hili utalielewa haraka kuliko mimi. Kontena la viatu linaloshushwa hapo kwenu likapandishwa lori kuja kuuzwa Lublin, ushuru wake wa forodha unalipwa hapo hapo Rotterdam, na ule ushuru ni mapato ya Umoja wa Ulaya, lakini Uholanzi inabakisha asilimia 25 kama gharama ya kukusanya. Aliyenunua kiatu ni mtu wa Lublin. Juu ya hapo, kwenye ule mkutano wa Julai 2020 ambapo Rutte, waziri mkuu wenu wa wakati ule, na wenzake wa Austria, Sweden na Denmark walikaza mpaka viongozi wakakesha siku kadhaa, Uholanzi ilipata punguzo la karibu bilioni 1.9 kila mwaka. Sisemi Uholanzi haichangi, inachanga tena sana, ila hesabu ya nani kamlisha nani si rahisi kama wanavyoisema kwenye TV, na zile barabara zilizojengwa huku kwa pesa za Ulaya ndizo zinazopitisha mizigo ya bandari yenu.

Sasa nikwambie ninachokiona mwenyewe. Kile kituo chetu cha wazee kiko kijijini nje ya Lublin, wazee wanaletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Basi la kwenda kule lilishakufa zamani, kwa hivyo bila ile minibasi ya mradi hakuna anayefika. Kila kitu kina stika ya bendera ya bluu yenye nyota na namba ya mradi, viti, kitanda cha mazoezi, mpaka sufuria kubwa ya supu, na kila mzee lazima atie saini kwenye karatasi ya mahudhurio hata kama mkono unatetemeka, manake bila ile karatasi hela hairudi. Kuna bibi mmoja alivunjika nyonga, watoto wake mmoja yuko Warsaw mwingine Ireland, alikuja kwetu kwenye kiti cha magurudumu hataki kuongea na mtu. Fundi wa mazoezi akamshughulikia taratibu, leo anatembea na kile kigari cha kushikilia na ameshachukua kazi ya kumenya viazi jikoni, ukimwambia apumzike anakasirika. Huyo bibi kwenye takwimu anahesabiwa mtu mmoja aliyesaidiwa, basi. Hakuna kampuni iliyoanzishwa, hakuna chipu. Lakini binti yake wa Warsaw hajalazimika kuacha kazi arudi kumtunza, na hiyo nayo ni uchumi hata kama haionekani kwenye chati.

Kisha mradi ukaisha. Huo ndio ugonjwa wa hizi pesa na nautaja wazi, unafungua kituo, watu wanazoea, miaka miwili mitatu muda unakwisha, ofisi husika inakwambia subiri tangazo la maombi mapya, miezi inapita, na ile serikali ndogo ya kijiji, wanaita gmina, haina uwezo wa kubeba peke yake. Wakati ule tulipunguza siku, wazee wengine wakabaki nyumbani. Ukiniambia mfumo urekebishwe ili pesa zisikatike katikati nitakupigia makofi, lakini kuzitoa kabisa ni jambo lingine.

Na usisahau mkoa huu ulikotoka. Poland ilipoingia Mei 2004 hii mikoa mitano ya mashariki ilikuwa kati ya maskini kabisa wa Umoja mzima. Leo kuna barabara kuu ya S17 mpaka Warsaw, kuna mabasi ya umeme ya nyaya, kuna stesheni mpya ya mabasi iliyofunguliwa mwanzoni mwa 2024, zote hizo zina mkono wa pesa za Ulaya. Ila vijana bado wanaondoka. Warsaw yenyewe imeshapita wastani wa Ulaya kwa utajiri, mpaka ikabidi waitenge kwenye takwimu na mkoa unaoizunguka, la sivyo wale wa vijijini wangeonekana matajiri kwa sababu tu wako jirani na jiji. Kwa hivyo ukisema maskini aangaliwe na serikali yake, serikali yake iko Warsaw, na Warsaw haina shida anazozijua mtu wa kijiji cha mpakani mwa Ukraine. Wewe mtu wa Kilifi hili hulihitaji kufundishwa, unakumbuka Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka ule mfuko wa usawazishaji, nusu asilimia ya mapato kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, kaunti yenu ikiwemo kwenye orodha ya kwanza, na unajua ilichukua miaka mingapi watu kuona maji.

Hapo ndipo linaponiuma hili pendekezo jipya. Tarehe 16 Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya, ile ofisi inayoandika mapendekezo ya sheria na bajeti za Umoja, ilileta bajeti ya 2028 mpaka 2034, karibu yuro trilioni 2, na ukiangalia juu juu unasema imekua. Lakini kwanza karibu bilioni 24 kila mwaka ni za kulipa deni walilokopa wakati wa korona. Pili, wamechukua pesa za wakulima, za mikoa, za jamii, za uvuvi, na nyingine za uhamiaji na mipaka, wakazitia kapu moja la kama bilioni 865, na kila nchi itaandika mpango mmoja wake, mipango 27 badala ya mamia ya programu tulizonazo. Poland peke yake sasa hivi ina programu 16 za mikoa, na huu wetu wa Lublin ofisi yake iko hapa hapa mjini, unaweza kwenda kugonga mlango ukamuona mtu anayejua kijiji chako kiko wapi.

Ndani ya hilo kapu wakulima wamewekewa uzio, angalau bilioni 300 zao haziguswi, na mikoa maskini nayo imewekewa bilioni 218. Wakulima walishaonyesha mara kadhaa wakiingia Brussels, makao makuu ya Umoja, na matrekta mji unasimama, na mimi siwalaumu, wanapigania riziki yao. Upande wa jamii wamepewa lengo tu, asilimia 14 ya mipango ihesabike ni ya mambo ya kijamii. Lengo unaweza kulijaza kwa kuhesabu upya vitu ambavyo ungevifanya hata hivyo. Sheria ya sasa inasema robo ya ESF+ ya kila nchi lazima iende kwa watu waliotengwa, angalau asilimia 3 kwa wale walio hoi kabisa, na nchi yenye umaskini wa watoto uliozidi wastani lazima itenge asilimia 5 kwa watoto. Hizo ni namba zenye meno, waziri wa fedha hata akiwa na presha ya uchaguzi hawezi kuzigusa. Wazee wa kituo chetu hawana trekta, Rama. Wakitiwa kapu moja na wenye nguvu na mwamuzi akawa ofisi moja ya mji mkuu, sina haja ya kukwambia nani atatoka mikono mitupu.

Halafu kuna hili la kulipwa kwa masharti, yaani nchi inapata pesa ikitimiza mageuzi waliyokubaliana na Kamisheni, ule mtindo wa mfuko wa korona. Sisi huku tumeshauonja. Serikali iliyopita ya Poland iligombana na Brussels kuhusu uhuru wa mahakama, pesa zikazuiwa, mpaka ilipobadilika serikali Desemba 2023 na Februari 2024 ndio Kamisheni ikafungua njia ya mpaka bilioni 137. Mimi naunga mkono kabisa kwamba serikali inayovuruga mahakama isipewe hela kama kawaida, lakini muuguzi wa kijijini na mtoto wa chekechea hawakuteua jaji hata mmoja. Pesa zikipitia mkoani kwa programu yake angalau kuna njia ya kuwakinga. Zikiwa mpango mmoja wa nchi nzima, ugomvi wa mawaziri unamfikia kila mtu.

Na kama unaona hii ni stori ya Wapolandi tu, angalia Mayotte. Ni eneo la Ufaransa kwenye visiwa vya Komoro, watu wanaongea kishimaore ambacho wewe na mimi tukikaa kidogo tunakifuata, na tangu Januari 2014 ni mkoa kamili wa pembezoni wa Umoja wa Ulaya. Zaidi ya robo tatu ya watu wako chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa, 2023 maji yalikuwa yanatoka siku moja kwa tatu, na Desemba 2024 kimbunga Chido kikafagia mabanda yote ya mlimani. Kwa sheria za sasa mkoa kama ule unatambulika wenyewe, Ulaya inaweza kubeba mpaka asilimia 85 ya gharama. Kwenye kapu jipya fungu lake linaingia kwenye mpango utakaoandikwa Paris, na Paris ina wakulima, ina deni, ina uchaguzi. Nani atanyoosha mkono kwa ajili ya Mamoudzou, mji mkuu wa Mayotte?

Sasa ile hoja yako ya ufujaji. Ni kweli, na inaniudhi kuliko inavyokuudhi wewe, manake kila ikitokea ni sisi tunaopoteza hoja. Ile njia ya kutembea juu ya miti kule Nyírmártonfalva, Hungary, iliyojengwa kwa pesa za Ulaya na miti yenyewe ishakatwa, ni aibu tupu. Wakaguzi wa Ulaya 2014 waliandika ripoti kali kuhusu viwanja vya ndege vilivyojengwa kwa pesa hizi vikakosa abiria wa kutosha, na vya huku Poland pia walivikagua. Lakini angalia vizuri ni vitu vya aina gani, ni saruji, ni vitu vya kukata utepe. Ukitaka kupunguza wizi na upuuzi pambana na wenye kupiga zege, usimfuate mama anayesomeshwa kazi ya kutunza watoto. Na hii michipu na silaha unayoitaka, huo mfuko mpya wa ushindani wa bilioni 409 hautakwenda kwa mwenye shida, utakwenda kwa mwenye maabara tayari, yaani Eindhoven, Munich, Paris. Sina kinyongo, Ulaya inahitaji viwanda, na mimi ninayekaa karibu na vita siwezi kusema ulinzi ni upuuzi, kila mtu hapa anakumbuka 2022 stesheni ilivyojaa akina mama na watoto kutoka Ukraine. Ila basi tukubali kwamba pesa ile inanenepesha palipo na nyama, na hii nyingine iachwe ifanye kazi yake. Enrico Letta, yule waziri mkuu wa zamani wa Italia, kwenye ripoti yake ya 2024 aliandika kuhusu uhuru wa mtu kubaki kwao, sio kuhama tu. Mimi na wewe tulihama, tunajua gharama yake.

Bado hakuna kilichopitishwa. Nchi zote 27 lazima zikubaliane na Bunge la Ulaya litoe ridhaa yake, na makundi makubwa bungeni yameshasema wazi hayalitaki hili kapu lilivyo. Kwa hivyo naomba kitu kimoja, nyinyi bandarini mna chama cha wafanyakazi chenye sauti, waulize wamewaandikia wabunge wenu nini kuhusu ESF+, na kama hawajaandika uwasukume. Sisi huku tumeandika barua, wazee wenyewe wametia saini, yule bibi wa viazi akiwa wa kwanza. Na ukiwa bado unabisha nipigie Jumapili baada ya saa nane, nitakuwa nyumbani, au bora panda treni uje, nikupeleke kituoni uongee nao mwenyewe, mimi nitatafsiri.

Nisalimie mamake Fatma na watoto.

Wako,
Swaleh