Santuri zenu za "hali nzuri sana" jamani

Mhariri naomba kanafasi. Kwenye matangazo madogo ya gazeti lenu siku hizi watu wanauza zile santuri ndogo za 45 (zinazozunguka mara 45 kwa dakika) za rokenroli ya Kimarekani na kila moja eti "hali nzuri sana", mi nikaenda kichwakichwa nikanunua Great Balls of Fire ya Jerry Lee Lewis ya 1957, lebo ya njano ya kampuni ya Sun kutoka Memphis, inang'aa kama imetoka dukani jana. Kufika home naweka sindano nasikia mtu anakaanga dagaa, na katikati ya wimbo inaruka. Nampigia muuzaji ananijibu kaka nilikwambia ni Very Good, hiyo ndo gredi yake.

Nikanywea. Baadaye ndo nikaja kuzisoma hizo gredi za jarida la Goldmine la kulekule Marekani ambazo wakusanyaji wengi wanazifuata, kumbe Very Good ni jina tu! Juu kabisa kuna Mint, hapo ni kitu hakijaguswa, inafuata Near Mint, halafu VG+ (yaani Very Good Plus) ambayo bei yake ni kama nusu ya Near Mint, halafu ndo Very Good, robo ya hiyo Near Mint. Hiyo ina mikwaruzo unaihisi kwa ukucha na makelele unayasikia kabisa wimbo ukipoa. Good ndo imechoka kabisa, ila hata hiyo Good inatakiwa icheze mwanzo mpaka mwisho bila kuruka. Ikiruka imeshaenda kwenye Fair na Poor huko chini, kwahiyo jamaa alinipiga mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Na msidanganywe na kung'aa. Singo nyingi (hizo santuri ndogo) za zamani za Marekani hazikuwa vinaili, zilikuwa stairini, plastiki ngumu nyepesi, ukiigonga pembeni na kucha inalia kama kisahani cha chai. Sindano nzito za enzi zile zilizitafuna mifereji yake ila kwa macho huoni kitu, kwahiyo unaweza kuishika chini ya taa ukaigeuza wee ukaipa Near Mint kumbe imekufa. Ya stairini isikilize kwanza ndo utoe hela, muuzaji akikwambia hana mashine we ondoka.

Ombi langu kwa wanaotangaza, acheni hiyo "nzuri sana", andikeni tu inaruka wapi, lebo imechorwa peni au laa, mfuko wake upo au haupo. Maneno kumi tu hayo.

Yangu ninayo bado, siuzi, nani atanunua. Mtoto wa dada yangu ana miaka 6 ameushika wimbo wote kwenye hiyohiyo santuri, na akifika pale katikati na yeye anaruka.

Msomaji wenu, Tanga