Wasimamizi wa tasnifu wanapaswa kudai slaidi za ulinganisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wetu wanaotafiti baiolojia ya seli, pamoja na walimu wanaowasimamia, kuhusu jambo linaloniumiza kila ninaposoma tasnifu zao: picha za darubini zinazodai kuonyesha protini mbili kwa rangi mbili, ilhali kingamwili zote mbili zilizotumika, yaani protini za kinga zinazoshika shabaha maalumu, zimetoka kwa sungura.

Tangu mtafiti Mmarekani Albert Coons na wenzake walipofanikiwa, mwaka 1941, kubandika rangi ing'aayo kwenye kingamwili, njia hii imetufumbua macho sana. Siku hizi aghalabu kingamwili ya kwanza hushika protini, kisha ya pili, iliyobeba rangi, huishika ile ya kwanza. Hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa kingamwili ya mbuzi iliyotengenezwa dhidi ya sungura haichagui. Itazishika zote mbili, kijani na nyekundu zitalaliana, na mwanafunzi akiona manjano kila mahali ataandika kwamba protini hizo hukaa pamoja.

Sisemi kazi hiyo haiwezekani, na najua kuagiza kingamwili nyingine ya panya ni gharama. Lakini kupaka kingamwili hizo kwa zamu peke yake hakutoshi, maana kingamwili nzima ya mbuzi ina mikono miwili, na mkono uliobaki wazi hudaka kingamwili ya sungura inayofuata. Ndiyo maana hutumika vipande vya kingamwili hiyo ya mbuzi viitwavyo Fab, vyenye mkono mmoja tu, ambavyo huwekwa kwa wingi hadi viifunike kabisa kingamwili ya kwanza. Zipo pia kingamwili zinazouzwa zikiwa na rangi tayari, ingawa mwanga wake huwa hafifu pale protini inapokuwa haba.

Njia yoyote itakayochaguliwa, iwepo slaidi iliyopitia hatua zote isipokuwa kuwekewa kingamwili ya sungura ya protini ya pili, na nyingine ambayo mahali pake imewekwa kingamwili ya kawaida ya sungura isiyolenga chochote. Ya kwanza hufichua kama ufunikaji haukukamilika. Ya pili hufichua mikono iliyobaki wazi, nayo ndiyo husahaulika zaidi. Rangi ya pili ikionekana katika mojawapo, picha za jaribio hilo zisitumike. Nawasihi wasimamizi wasitie saini kabla ya kuziona slaidi hizo zote mbili, zikiwa zimepigwa picha kwa mipangilio ileile ya darubini.

Mwalimu wa maabara,
Morogoro